Mikono ya Nani Imege Mkate?

Hotuba ya msomaji wa Kanisa la Uganda, yaani kanisa la Kianglikana, mbele ya mkutano wa Waprotestanti na Wakatoliki, Tororo, siku chache kabla ya Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda

Bwana asifiwe!

Tumsifu Yesu Kristo!

Mmesikia wenyewe. Salamu ya kwanza imeitikiwa na upande huu wa madirishani, ya pili imeitikiwa na upande ule wa mlangoni, na katikati wapo wachache walioitikia zote mbili. Hao wa katikati ni watoto wa nyumba kama yetu. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, Msamia wa Kanisa la Uganda. Mama yangu alikuwa Mjopadhola na Mkatoliki. Kila mmoja alikuja na lugha yake, Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, na ni kwa Kiswahili hicho nilianza kusikia mabishano ya dini kabla sijajua kusoma.

Wazee wangu, mama zangu, vijana, nimeombwa nieleze kwa nini sisi Waprotestanti hatukubaliani na mafundisho ya Kanisa Katoliki juu ya Ekaristi na juu ya mamlaka ya mapadri. Padri atanijibu baada ya chai. Tumekubaliana naye tangu juzi kwamba hakuna atakayemfichia mwenzake neno, na hakuna atakayemtukana mwenzake.

Neno langu ni moja. Kwa miaka 500 tumegombana juu ya mkate: ni mwili wenyewe, ni ishara, ni nini? Lakini kadiri ninavyosoma, na kadiri ninavyotumika mezani pa Bwana, naona ugomvi umekaa kwenye mikono. Mikono ya nani inaruhusiwa kuumega mkate huo? Nani aliipa ruhusa? Na nani anaweza kumwambia Mkristo mwenzake, wewe kaa, usije?

Mama yangu alikaa. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tukienda Jumapili moja kwa baba, Jumapili moja kwa mama. Kwa mama, watu walipoanza kutoka kwenye mabenchi kwenda kupokea Komunyo, yeye aligeuza magoti upande ili wengine wapite. Alikuwa amevaa gomesi, rozari ameizungushia leso mkononi, na aligeuza magoti upande kama mtu anayekaa kwenye kiti cha pembeni ndani ya basi. Nikiwa mtoto nilidhani hiyo ni sehemu ya ibada. Nitarudi kwa mama.

Ugomvi huu ulifika Uganda ukiwa umekwisha komaa. Wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana kutoka Uingereza, walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa, walifika Februari 1879, wakitanguliwa na Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, pamoja na Bruda Amans. Haikupita miezi mingi, Mackay wa CMS na Lourdel wakakabiliana mbele ya kabaka. Mackay alikuwa akiongoza ibada, Lourdel akakataa kupiga magoti pamoja nao. Alipoulizwa sababu alipandwa na hasira, akajibu kwa Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa vilivyochanganyika. Mutesa, ambaye Kiswahili alikuwa anakielewa, aliuliza kama kila taifa la wazungu lina dini yake, na yeye atajuaje ipi ni ya kweli. Kwa hiyo tunapobishana jambo hili kwa Kiswahili leo, hatukuanza sisi. Mutesa alikufa mwaka 1884 bila kupata jibu. Nchi yake ililipata tarehe 24 Januari 1892 pale Mengo, watu waliobatizwa wakipigana risasi, wengine wakiitwa Wangereza na wengine Wafransa, ilhali wote walikuwa Waganda. Huku kwetu mashariki walikuja mapadri wa Mill Hill, Wakatoliki kutoka Uingereza, walioingia nchini mwaka 1895. Sababu moja ya kuletwa kwao ilikuwa watu waone kwamba Mkatoliki si lazima awe Mfaransa.

Sasa nianze kwa kuwarekebisha watu wangu. Nimefundisha darasa la kipaimara miaka mingi, na kila mwaka hakosi kijana anayesema kwamba Wakatoliki wanaabudu mkate, au kwamba wanadhani padri anageuza unga kuwa nyama. Hilo silo fundisho lao, na kulisema ni kumshuhudia jirani uongo. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulitumia neno ambalo Wakatoliki wanaozungumza Kiswahili huliita mageuzo. Baadaye Thomas wa Akwino alilifafanua kwa falsafa ya Aristotle, na Mtaguso wa Trento ukalikazia mwaka 1551. Maana yake ni hii. Kila kitu kina yale yanayoonekana na kuonjeka, rangi, ladha, harufu, uzito. Kina pia dhati, yaani kile kinachokifanya kiwe kitu hicho na kisiwe kingine. Wao hufundisha kwamba katika Misa yale yanayoonekana hubaki vilevile, na dhati ndiyo hugeuka ikawa Kristo mzima. Ukiipeleka hostia, ule mkate wa Misa, maabara utaambiwa ni ngano, na padri hatakubishia. Anayetaka kupinga apinge fundisho hilo, asipinge kitu alichojitungia mwenyewe.

Na sisi tunalipinga. Katika zile Kanuni 39 za Kianglikana, kanuni ya 28 inasema mageuzo hayo hayawezi kuthibitishwa kwa Maandiko Matakatifu na yanaiharibu maana ya sakramenti. Kisha inasema mwili wa Kristo hutolewa, hupokelewa na huliwa katika Chakula cha Bwana kwa namna ya mbinguni na ya kiroho tu, na chombo cha kuupokea ni imani. Vijana wangu, sikilizeni maneno hayo: hutolewa, hupokelewa, huliwa. Mprotestanti anayesema pale mezani hakuna kitu, ni kumbukumbu tu kama picha ya marehemu ukutani, hajaisoma kanuni ya kanisa lake.

Kwa nini yanaiharibu maana ya sakramenti? Tazameni ubatizo. Maji yanabaki maji, na Roho anafanya kazi yake. Hakuna padri wala mchungaji aliyewahi kufundisha kwamba maji ya ubatizo yameacha kuwa maji. Sakramenti ina mambo mawili, ishara na kinachoashiriwa, na ishara ikiondolewa sakramenti inalegea. Ndiyo maana Mtakatifu Paulo akiwaandikia Wakorintho anaendelea kuuita mkate hata baada ya shukrani: kila mwulapo mkate huu. Hakuona haya kuuita mkate, na papo hapo akawaonya kwamba anayeula isivyostahili amejipatia hatia ya mwili na damu ya Bwana. Alishika yote mawili. Mimi natamani niyashike yote mawili hivyo hivyo, bila kulazimishwa na falsafa ya Aristotle kueleza yanavyokutana.

Lakini sitawadanganya kwamba upande wetu una sauti moja. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, viongozi wawili wa Waprotestanti wa kwanza, walikutana Marburg. Luther alichukua chaki, akaandika juu ya meza kwa Kilatini maneno ya Bwana, huu ni mwili wangu, akayafunika kwa kitambaa. Zwingli alipotoa hoja kwamba neno "ni" hapo lina maana ya "huashiria", Luther alikifunua kitambaa akamwonyesha maandishi. Mambo 14 kati ya 15 walikubaliana. Kwenye la 15, lenyewe hili, walikwama, na hadi leo Waprotestanti hawana sauti moja juu yake. Na Biblia yetu ya Kiswahili, ile inayosomwa makanisani kwetu sisi Waprotestanti, ingemfurahisha Luther kuliko Zwingli: "Twaeni, mle, huu ndio mwili wangu." Ndio. Mtafsiri angeweza kuandika "ni" akaendelea na safari yake.

Tena, anayesoma waandishi wa kale atakutana na Ignasio wa Antiokia mwanzoni mwa karne ya pili, akiwalaumu wanaokataa kwamba Ekaristi ni mwili wa Mwokozi. Atakutana na Yustino pale Roma kwenye mwaka 155 hivi, akieleza kwamba Wakristo hawaupokei huo kama mkate wa kawaida. Hao walikuwepo miaka 1,000 kabla ya Laterano. Padri akiwataja, mjue kwamba ana haki ya kuwataja.

Sasa kikombe. Hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo kazi yangu. Mchungaji anapita na mkate, mimi nafuata na kikombe. Kila mtu ananywa, nafuta ukingo kwa kitambaa cheupe, nakizungusha kidogo, nasogea kwa anayefuata: damu ya Bwana wetu Yesu Kristo, iliyomwagika kwa ajili yako. Yupo bibi mmoja mikono yake inatetemeka sana. Hakishiki kikombe, anaweka vidole vyake juu ya vidole vyangu, tunakiinamisha pamoja. Ibada ikiisha nakunywa kilichobaki, nasuuza kikombe kwa maji, na maji hayo nayanywa pia. Sijui kueleza kwa falsafa kilichomo ndani ya kikombe kile, lakini simwagi.

Bwana alipotoa mkate alisema twaeni, mle. Alipotoa kikombe aliongeza neno: nyweni nyote. Nyote! Na Marko anaandika kwamba walinywa wote. Kwa karne nyingi kanisa la magharibi lilikinywea kikombe hicho, wakulima na maaskofu. Halafu desturi ikabadilika polepole, watu wakiogopa kumwaga, na Juni 1415 Mtaguso wa Konstanz ukaifanya desturi hiyo kuwa sheria: walei, waamini wasio mapadri, wapewe mkate peke yake. Wiki tatu baadaye mhubiri Jan Hus, aliyehukumiwa na mtaguso huohuo, akachomwa moto, na wafuasi wake kule Bohemia wakakifanya kikombe kuwa alama yao. Luther alipoandika mwaka 1520 juu ya utumwa wa sakramenti, kufungiwa kwa kikombe ndiko kulikuwa utumwa wa kwanza katika hesabu yake.

Jibu la Wakatoliki ni kwamba Kristo mzima yumo katika mkate na mzima yumo katika divai, kwa hiyo aliyekula mkate hakupungukiwa kitu. Nalielewa jibu hilo. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifungua tena mlango kwa nyakati fulani. Mwenyewe niliona kwenye harusi ya mpwa wangu, maharusi wakipewa kikombe. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini hoja yangu haihusu kiasi cha Kristo anachopokea mtu. Bwana aliamuru nyote. Mamlaka gani yaliweza kusema, nyote hapa maana yake ni padri? Kilifungwa na watu, kikafunguliwa na watu, na muda wote huo mwamini alikuwa benchini akisubiri kuambiwa. Mnaona jinsi tulivyoanza na divai tukaishia kwenye mikono.

Juu ya sadaka ya Misa nitapita haraka. Waraka kwa Waebrania unasema kwa toleo moja amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa, na kanuni yetu ya 31 inatumia maneno makali mno juu ya sadaka za Misa, maneno ambayo leo nisingeyatamka mbele ya mgeni wangu. Trento, mwaka 1562, ilifundisha kwamba sadaka ni ile moja ya msalabani, Kristo yuleyule akijitoa bila kumwaga damu. Wakatoliki wananiambia Misa haimsulubishi Kristo tena, nami nawaamini kwamba hivyo ndivyo wanavyoamini. Kinachonikwaza ni pale mjane anapohesabu noti za kuombea Misa ya marehemu mumewe, akiwa na hofu kwamba zisipotosha mumewe atakaa gizani zaidi. Nimemwona mjane huyo. Hakuna mtaguso uliofundisha kuuza Misa, najua. Lakini hofu ile aliipata wapi?

Turudi kwenye mikono. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza, maana kina maneno mawili ambayo Kiingereza kimeyamwaga katika chungu kimoja. Kuna mzee, na kuna kuhani. Katika Agano Jipya viongozi wa kanisa wanaitwa wazee, waangalizi, wachungaji, mashemasi. Paulo anawaita wazee wa Efeso, na katika sura hiyohiyo anawaambia Roho Mtakatifu amewaweka kuwa waangalizi. Neno kuhani linatumika kwa makuhani wa hekalu, kwa Kristo mwenyewe katika Waebrania, na kwa waamini wote pamoja: "ninyi ni mzao mteule, ukuhani wa kifalme." Hakuna mzee wa kanisa hata mmoja anayepewa jina la kuhani. Padri atanitajia Warumi 15:16, ambapo Paulo anajisemea kwamba anaifanyia Injili kazi ya ukuhani. Ni kweli, lakini tazameni sadaka anayoitoa pale: ni watu wa mataifa, waliokubaliwa na Mungu.

Kutokana na hayo Luther alisema kila aliyebatizwa ni kuhani, na mchungaji ni mmoja wao aliyeitwa na wenzake kufanya kazi kwa niaba yao. Vatikano ya Pili nayo, mwaka 1964, ilikiri ukuhani wa waamini wote, na tulishangilia. Lakini ilisema pia kwamba ukuhani wa padri na ukuhani wa waamini vinatofautiana kwa asili, siyo kwa kiwango tu. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kwao, upadirisho unamtia mtu alama isiyofutika, na mikono yake inaweza lile ambalo mikono ya mama yangu haiwezi kamwe. Ndiyo sababu fundisho la mageuzo na fundisho la mamlaka ya padri ni mti mmoja. Dhati ikigeuka, lazima awepo mwenye uwezo wa kuigeuza. Na mwenye uwezo huo akiwa peke yake, mlango wa meza uko mfukoni mwake.

Mwaka 1893 Askofu Tucker aliweka mikono juu ya Waganda wa kwanza wakawa mashemasi wa Kianglikana. Miaka 3 baadaye Papa Leo wa 13 alitangaza kwamba daraja za Kianglikana ni batili kabisa na hazina nguvu yoyote. Kwa tangazo hilo, wazee wetu waliotembea kwa miguu wakihubiri hadi milimani, mbele ya Roma walikuwa walei waliovaa kanzu nyeupe. Na Komunyo waliyowapa watu wakiwa wanakufa ilikuwa mkate na divai tu. Tangazo hilo halijafutwa. Ndugu zangu Wakatoliki, mnapotushangaa kwamba tuna uchungu katika jambo hili, kumbukeni hilo.

Lakini nikisema hivyo lazima niseme na la kwetu. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta namna ya kushirikiana. Siku ya mwisho, ndani ya kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu, na Wapresbiteri na Wamethodisti wakapokea pamoja na Waanglikana. Askofu Willis wa Uganda alikuwepo. Habari zilipomfikia Frank Weston, askofu wa Zanzibar, Mwanglikana pia na bingwa wa Kiswahili, aliwashitaki wenzake wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kosa la uzushi. Kosa gani? Waliwapa mkate watu ambao hawakuwekewa mikono na askofu. Ugomvi ule ulilitikisa kanisa la Kianglikana hadi Uingereza. Mkate ulikuwa mmoja, imani karibu moja, na wote waliotajwa walikuwa upande wetu huu wa madirishani. Walishindana juu ya mikono.

Na leo? Katika makanisa yetu mengi, mtu ambaye hajafunga ndoa kanisani hasogei mezani. Ukitaka kuwaona, njoo Jumapili ya Ushirika: baada ya mahubiri wanaanza kunyanyuka mmoja mmoja wakielekea mlangoni, wanaume na wanawake wazima, wengi wao kosa lao ni kwamba mahari haijaisha au harusi imewashinda gharama. Hilo limewekwa na mikono yetu, siyo ya Roma. Na wapo wachungaji wa siku hizi ambao hawana askofu, hawana sinodi, hawana mzee wa kuwauliza, na neno lao kwa waumini ni zito kuliko la padri yeyote. Mprotestanti anayemkosoa Papa na kumwogopa mchungaji wake hajaelewa alichokipinga.

Sasa nisogee Namugongo, walikochomwa mashahidi wa Uganda, kwa kuwa wiki hii miguu ya watu iko njiani kuelekea huko. Novemba 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda, wakavuka ziwa. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka 3 Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padri, hawakuwa na Misa. Na kanisa halikufa. Watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikusanya watu majumbani, wakafundisha, wakasali, wakabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Mapadri waliporudi walikuta waamini wameongezeka. Kisha usiku ule wa Mei 1886 pale Munyonyo, walipojua kwamba kesho yake Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa, angewahukumu, Karoli Lwanga aliwabatiza Kizito na wenzake. Lwanga hakuwa padri. Alikuwa kijana mtumishi wa ikulu. Kanisa Katoliki linakubali ubatizo ule kwa moyo wote, na wote hao limewatangaza watakatifu mwaka 1964. Siku ya tarehe 3 Juni Lwanga, Kizito na wenzao walichomwa moto Namugongo, na Waanglikana wakachomwa siku ileile, Namugongo ileile.

Nalitafakari sana jambo hili. Mikono ya Lwanga ilitosha kumzaa Kizito mara ya pili, na baada ya siku chache mwili mzima wa Lwanga ukawa sadaka. Lakini kama usiku ule Kizito angemwomba chakula cha njiani, mkate wa Bwana wa kumsindikiza motoni, Lwanga angelazimika kumjibu kwamba mikono yake haiwezi. Maji, ndiyo. Mkate, hapana. Naomba Padri anieleze, kwa Maandiko, tofauti hiyo ilitoka wapi. Siulizi kwa kejeli. Namheshimu Lwanga kuliko wahubiri wengi wa kwetu, na ndiyo maana nauliza.

Nilisema nitarudi kwa mama.

Wazazi wangu walifunga ndoa mwaka 1961 katika kanisa la baba. Siku zile, ili Mkatoliki amuoe au aolewe na Mprotestanti mbele ya padri, wote wawili walitakiwa kuahidi kwamba watoto watalelewa Kikatoliki. Baba alikataa kutia sahihi. Nalisema bila kumtetea. Alikuwa mtu mgumu, na ugumu wake aliulipa mama. Kwa sheria ya kanisa lake, ndoa ya mama haikuwa ndoa, kwa hiyo hakuweza kuungama akaondolewa dhambi, wala kupokea Komunyo. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita alilegeza sharti hilo, ikawa ahadi inadaiwa kwa yule Mkatoliki peke yake, naye aahidi kufanya kadiri awezavyo. Habari hiyo ilifika nchini, nina hakika. Kwa mama haikufika. Hakuna aliyekuja kumwambia, na parokia yenyewe sitaitaja, kwa kuwa wahusika wamelala na mama yuko mbele za Mungu.

Nilipokuwa kijana nilimwambia, mama, njoo kwetu, kwetu utapewa mkate na kikombe vyote viwili. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. Akasema, "Mwanangu, kwa baba yako mnamkumbuka. Kule Yeye yupo." Nikamwuliza, sasa kama yupo, mbona hupewi? Akapuliza pumba, akachambua punje mbili tatu. "Yupo," akasema, "nami namwona kutoka pale nilipoketi."

Miaka 27, ndugu zangu. Kila Jumapili aligeuza magoti upande.

Baba alikufa mwaka 1988. Matanga yalipoisha, katekista akaja nyumbani, akamweleza mama taratibu kwamba sasa hakuna kizuizi. Jumamosi alikwenda kuungama. Jumapili nilimsindikiza, tukakaa benchi letu lilelile. Watu walipoanza kutoka, mimi ndiye niliyegeuza magoti upande, yeye akapita. Nilimwona akitembea kuelekea altareni, mikono ameikunja kifuani, rozari bado imezungushiwa leso. Aliporudi hakusema neno, wala mimi sikumwuliza.

Padri, mkate wa Jumapili ile ulikuwa uleule wa Jumapili zote zilizopita. Imani ya mama ilikuwa ileile; ungeweza kuipima kwa miaka aliyokaa benchini. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika, nacho ni kwamba baba yangu alikuwa kaburini. Nataka kujua kutoka kwako nani alipewa, na alipewa na nani, mamlaka ya kuipitisha njia ya kwenda mezani pa Bwana juu ya kaburi la baba yangu. Nimelibeba swali hili tangu mwaka huo. Tunywe chai, halafu nafasi ni yako.